Jumapili kwa Kina Nevio

Jumapili, 7 Oktoba

Nimeshiba mpaka siwezi kukaa wima. Naandika nimelala ubavu.

Nevio, kijana tunayepanga naye nyumba, amenichukua leo kwenda kula kwao. Kijiji cha hapa Italia, karibu na Codigoro. Treni ya mabehewa mawili, mashamba bapa kama meza pande zote. Mimi mtu wa Kondoa – macho yanatafuta mlima, yanakosa pa kushika. Alisema Jumapili mtu hawezi kuachwa mjini Ferrara peke yake na mkate. Sabina, mpangaji wetu wa tatu, alikuwa zamu hospitali. Anasomea uuguzi.

Kosa langu: nilidhani sahani ya kwanza ndiyo chakula. Tambi na mchuzi. Nikala, nikaongezwa, nikala tena. Nikashukuru, nikaanza kukunja kitambaa. Bibi yake, Bibi Argia, akanitazama kama mtu anayeaga msibani kabla ya mazishi. Kumbe ndiyo kwanza! Wakaja samaki wa mkunga wa kuchoma, na ugali wa mahindi ya njano (ugali! nusura nilie), kisha mboga, kisha matunda, kisha keki.

Nilieleza kwamba nguruwe sili. Bibi hakubisha. Aliuliza kama paja la kukausha pia sili. Nikasema hilo pia sili. Akauliza mortadella, ile soseji nene ya hapa. Nikasema nayo ni nguruwe. Akasema, kwa upole, kwamba mortadella ni mortadella. Hatujafikia mwafaka.

Katikati ya matunda Nevio akafuta mdomo, akasema amefaulu mtihani wa sheria ya biashara. Ishirini na nane kwa thelathini. Mama yake, Loredana, akainuka kumbusu utosini. Bibi akajifuta macho kwa aproni. Baba yake, Mzee Otello, anayeendesha mashine za kuvuta maji mashambani, aliendelea kumenya pea lake. Alilimenya lote, ganda likatoka zima. Wanasema imebaki mitihani michache, mwezi wa saba Nevio atakuwa daktari. Nikauliza daktari wa nini, si anasoma sheria? Wakacheka wote. Hapa kila anayemaliza chuo ni daktari. Haya.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nevio hanicheki. Nikikosea sentensi, anairudia ikiwa imenyooka, kama anayeniuliza swali, kisha anaendelea na mambo yake. Nimejifunza zaidi jikoni kuliko darasani.

Saa mbili asubuhi ameshatoka, mkoba begani. Anarudi jioni na matope kwenye viatu. Maktaba yao itakuwa mbali.

Jumamosi, 17 Novemba

Ravenna na Nevio. Yeye ndiye aliyetaka. Mimi nilikuwa na mchoro wa kukabidhi – nasoma uhifadhi wa majengo ya kale, na milango ya kale haitembei kuja kwangu. Baridi ilinifunga vidole, nikachora mlango mmoja tu. Halafu tukaingia kutazama picha za vijiwe zilizojaa darini, kijani na dhahabu, shingo ikaniuma kwa furaha.

Mchana tukala chapati za hapa, na jibini laini ndani. Nilisema ni chapati zilizonyimwa mafuta. Nevio akanisihi nishushe sauti, tuko Ravenna.

Wakati wa kwenda nilimuuliza tasnifu yake inahusu nini. Sheria ya maji, alisema. Mfereji ukipita shamba la mtu, maji ni ya nani. Nikafurahi, maana ndiyo dunia ya baba yake. Wakati wa kurudi, mzee mmoja aliyekaa mbele yetu kwenye treni akamuuliza swali lilelile. Nevio akajibu: mirathi.

Maji. Mirathi. Kwa Kiitaliano maneno hayo hayafanani hata kidogo. Lakini Kiitaliano changu kina matundu kama chandarua cha bweni. Huenda kuna neno lililopita katikati.

Ijumaa, 30 Novemba

Ukungu. Mnara wa kanisa umekatwa shingo.

Darasa letu lilikwenda mtoni, Pontelagoscuro, kutazama maghala ya zamani. Juu ya tuta nikaona baiskeli ninayoijua. Na Nevio karibu nayo, amekalia gazeti, anakula tufaha, mkoba kando. Asubuhi alituaga anakwenda kwenye mtihani!

Hakushtuka. Alisimama, akampa mkono mwalimu wetu, akajitambulisha vizuri sana. Kwangu akasema mtihani umeahirishwa, akaona apunge hewa. Nikasema pole. Akasema asante.

Jioni nilikuwa jikoni nakata karoti, yeye yuko kwenye simu na mama yake. Mtihani umekwenda vizuri. Thelathini.

Umeahirishwa. Umekwenda vizuri. Labda ilikuwa mitihani miwili? Nilimwangalia Sabina. Sabina alikuwa anaosha kikombe. Kilikuwa kimeshatakata, naye anakiosha tu.

Jumanne, 25 Desemba

Nipo kwao tangu jana. Jana mikunga – ya kuchoma, ya kukaanga, ya mchuzi. Mingi mno. Loredana alilalamika kwamba mumewe ameleta kreti nzima kama anafungua hoteli. Mzee Otello akaomba chumvi. Leo tambi zilizojazwa nyama, kwenye supu. Wao. Mimi Bibi Argia alinitengenezea za maboga, kwenye sufuria ya peke yake, na mwiko wake ameufunga uzi mwekundu ili mtu asiuchanganye na wa nyama. Alianza kuzikunja alfajiri. Ana miaka themanini na kitu. Nilizila zote, kichwa chini, nisionekane macho.

Nevio ametangaza mtihani mwingine. Thelathini na pongezi za mwalimu. Makofi.

Baada ya chakula Mzee Otello akanichukua kunionyesha mashine zake. Jumba la matofali, zuri mno, madirisha ya upinde. Nikachora. Akaniuliza, huku anatazama maji, kama Nevio huamka mapema. Nikasema saa mbili yuko nje. Akauliza kama hurudi amechoka. Nikasema ndiyo. Nilisema kweli tupu! Sasa kwa nini naona kama nimedanganya?

Halafu akasema mashine ya mwisho inapiga kelele leo. Mimi sikusikia kelele yoyote.

Jumatano, 23 Januari

Siku ya kijinga. Niandike kwa mpangilio.

Mitihani ya hapa ni ya mdomo, mbele ya watu. Yeyote anaweza kukaa nyuma akasikiliza. Juma lililopita Nevio alikuja kwenye wangu, akakaa nyuma kabisa, nilipokwama akanionyesha kidole gumba. Nikafaulu. Basi leo, siku ya mtihani wake, nikaamua kulipa fadhila. Nilikaanga mandazi, nikayafunga kwenye kitambaa, nikaenda jengo la sheria bila kumwambia.

Nikakaa. Wanafunzi wakaingia, wakatoka, mmoja akilia, mmoja akikumbatiwa. Nevio hakuna. Nikamuuliza dada mmoja mwenye skafu kubwa. Nevio yupi? Mrefu, nikasema, wa upande wa Codigoro. Uso wake ukabadilika kidogo. Akasema, "Ah, yule. Alishaacha."

Kuacha nini? Lakini aliitwa ndani wakati huohuo.

Mtu huacha mengi. Njia nzima niliwaza, na nimefikia hivi: alimwacha yule dada. Walikuwa wapenzi, wakaachana, ndiyo maana ya ule uso. Mandazi nimeyala mwenyewe, nimesimama kando ya baiskeli, na baridi ile.

Jioni Nevio amesema amepata thelathini. Sikumwambia kwamba nilikwenda.

Alhamisi, 24 Januari

Nilimuuliza Sabina lile neno la kuacha hutumikaje. Mume, akasema. Kazi. Sigara. Mwavuli kwenye treni. Shule. Akaniuliza nalitakia nini. Nikasema nina mtihani wa lugha.

Sabina akasema, "Mwasiti, wewe huna mtihani wa lugha." Akaenda kulala.

Jumamosi, 2 Machi

Mantova, tukibadilisha treni Suzzara. Ziwa, matete, na mji umesimama majini kama umeoga haujajifuta. Nevio alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Alijua kila jengo, nani alijenga, nani alimuua nani ndani yake. Nilimwambia angekuwa mwalimu mzuri. Alinunua keki ngumu ya lozi, ile inayovunjwa kwa ngumi, akanipa mimi nipige ngumi ya kwanza.

Tulikula tambi za maboga. Za huku zina biskuti ndani, tamu kama pudini. Bibi Argia asisikie kwamba nimezisifu.

Aliniuliza kwetu wananisubiri na nini. Nikamwambia: mama, shangazi watatu, msikiti mzima ulionisomea dua, na mjomba aliyeshatangaza kwamba nitajenga daraja, ingawa nimemweleza kwamba sisomei madaraja. Akauliza, na ukirudi mikono mitupu? Nikacheka. Nikasema nitarudi hivyohivyo, nitasemwa mwezi mzima, kisha patatokea harusi ya mtu, nitasahaulika.

Hakucheka. Nimesema nini kibaya?

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Mwanakondoo wa kuchoma – hatimaye nyama ambayo mimi na wao hatugombani!

Mezani hapakuzungumzwa kingine ila sherehe. Ni tarehe 11 Julai. Loredana amekodi ukumbi wa parokia. Ameagiza lozi za sukari nyekundu, maana za harusi ni nyeupe na za mahafali ni nyekundu. Shada la majani la kumvika kichwani litatoka kwenye mti wa uani. Mzee Otello ameshonewa suti. Bibi Argia anataka mimi nivae kitenge, ni amri, na ananiomba nimfundishe kutamka jina la tasnifu ili awaambie majirani kanisani. Nikamgeukia Nevio nimuulize jina lenyewe. Nevio alikuwa ameinuka kuleta maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Najua. Sijui. Najua.

Mgeni anajuaje kitu ambacho wenye nyumba hawakijui? Itakuwa ni mimi. Itakuwa kuna utaratibu wa chuo ambao sijaelezwa.

Jumanne, 14 Mei

Ramadhani, funga ya tisa. Jua la hapa halitui, limegoma.

Sikuweza tena, nikamwambia Sabina yote: tuta, mandazi, yule dada. Alinisikiliza akiwa amevaa koti, alikuwa anakwenda zamu. Kisha akakaa na koti lake. Amejua tangu mwaka juzi. Nevio alishindwa mtihani mmoja mara tatu, akaona haya, akasema nyumbani amefaulu. Baada ya ule wa kwanza, mingine ilijifuata yenyewe. Hajaingia darasani tangu mwaka wa pili.

Nikauliza kwa nini hakuwaambia wazazi. Akasema mambo ya nyumba ya watu huyagusi, ukiyagusa yanakuangukia. Halafu akanisimulia kijana wa mtaani kwao, kule kusini. Alidanganya hivyohivyo. Familia ikavaa, ikanunua maua, ikaenda. Asubuhi ya mahafali—

Hakumaliza. Alichukua funguo akaondoka.

Nimefuturu kwa tende na maji.

Jumapili, 19 Mei

Nilidhani nisiende, maana nitakaa tu mezani na sahani tupu. Bibi Argia akapiga simu mwenyewe: njoo hivyohivyo, kukaa nako ni kula. Aliuliza mara nyingi kama hata maji sinywi. Hata maji. Akamwambia Loredana basi tule kimyakimya, tusimtamanishe mtoto. Walijaribu. Watu hawa kula kimya hawawezi.

Asiyekula huona. Nevio alipotaja alama zake – mtihani wa mwisho kabisa, thelathini – Loredana alimwangalia Nevio, Bibi aliangalia picha ya marehemu babu ukutani. Mzee Otello aliangalia kisu chake. Tangu Oktoba nimekula meza moja na mtu huyu, na sijawahi kumsikia akimwambia mwanawe hongera. Hata mara moja. Nilikuwa na mdomo umejaa, sikuona.

Walinifungia chakula cha kufuturia kwenye treni. Kitu ninachoogopa kukiandika ni hiki: nikisema, Jumapili hizi zinakwisha. Na huku sina kwingine.

Jumamosi, 15 Juni

Tulikwenda baharini. Maji ya kahawia, yamekaa tu. Miavuli imepangwa safusafu kama darasa.

Tulikuwa tunakula kome kwenye bakuli moja. Nikamuuliza, "Nevio, ulichoacha ni nini?"

Alielewa papo hapo. Aliendelea kula kome, moja, jingine, anapanga maganda pembeni. Kisha akaanza kusema, taratibu, kwa Kiitaliano chepesi kile anachonisemesha nikiwa nimechoka, na kwa mara ya kwanza sikupoteza hata neno. Mwanzoni alikuwa na mpango wa kuufidia ule mtihani mmoja. Kisha ikawa miwili. Kila Jumapili alikwenda kwao akiwa ameamua kusema, na kila Jumapili Bibi alikuwa ameshamwaga unga mezani. Asubuhi anaendesha baiskeli mpaka mtoni, anasoma vitabu vya historia. Anavipenda. Anasubiri jioni.

Nikauliza tarehe 11 atafanya nini. Akasema, "Bado kuna wakati."

Nikasema waambie leo. Akasema kesho. Nikasema basi nitawaambia mimi. Akaniangalia, si kwa hasira. Akasema nikifanya hivyo atanishukuru, lakini hataweza kuniangalia tena. Sasa hiyo ni ruhusa au ni katazo? Nimeigeuza njia nzima. Sijui. Wallahi sijui.

Jumapili, 7 Julai

Joto la kuchemsha ubongo. Mbu.

Hajasema. Ukumbi umepambwa. Bibi Argia amefunga lozi nyekundu kwenye vijifuko vya kitambaa, vimejaa kapu la nguo. Alinionyesha kimoja kimoja.

Nikaenda kwenye jumba la mashine. Nilikuwa nimeipanga sentensi tangu Ferrara. Mzee Otello alikuwa anatia grisi. Nikasema, "Mzee, Nevio..." na sentensi ikakatika.

Akasema, "Najua, binti yangu."

Kabla ya Krismasi alipeleka kreti ya mikunga mjini, kumshukuru profesa wa Nevio. Profesa hakumjua Nevio yeyote. Alikuwa mtu mwema, aliona aibu kwa niaba yake, akamletea kiti. Mzee akarudi na kreti yake. Ndiyo mikunga tuliyokula mkesha ule, yote.

Nikamuuliza kwa nini hajasema, miezi yote hii. Na suti ameshonewa! Akafuta mikono muda mrefu.

"Nikisema mimi, atakuwa amekamatwa. Nataka aseme mwenyewe. Kila Jumapili namwachia nafasi. Simpongezi, ili ajue mlango uko wazi."

Mlango uko wazi. Nevio anaona baba asiyempongeza, anadhani thelathini haitoshi! Nilitaka kumwambia hivyo. Nilisema kitu, viambishi vyote vimeanguka chini. Sijui alielewa nini. Aliniomba nisimwambie Nevio kwamba yeye anajua. Nikaitikia. Kwa nini niliitikia?

Nikamsimulia kisa cha yule kijana wa kwao Sabina. Na mimi sikumaliza, kama Sabina. Mzee akaenda akazima mashine moja, akaiwasha tena.

Jumatano, 10 Julai

Nevio amepiga pasi shati. Amepika. Ametuuliza kama tumeshiba. Mchangamfu kama ile siku ya Mantova, na ndicho kinachonitia hofu. Sabina amebadilishana zamu ili awepo.

Nimemwambia mlangoni: sema sasa, piga simu. Akasema kesho asubuhi, kabla hawajatoka nyumbani. Akaniapia kwa bibi yake.

Alhamisi, 11 Julai

Saa nne kasoro. Niko chumbani, mlango nimeufunga, kitenge nimeshavaa. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu, kimetandikwa. Suti haipo. Simu yake ameiacha mezani, inaita, "Mama", inanyamaza, inaita. Sabina alikaa kwenye ngazi, mweupe kama ukuta. Mimi nilichukua baiskeli.

Sikumbuki njia. Nakumbuka mipapai ya mtoni – si mipapai, ile miti mirefu ya hapa, hata majina yamenikimbia. Alikuwa juu ya tuta, ndani ya suti, suruali ameikunja, viatu vimepangwa pembeni. Hakuwa karibu na maji. Hakuwa mbali nayo. Niliitupa baiskeli. Kiitaliano chote kikanitoka, kikaisha kabisa, nilimwambia kwa Kiswahili, "Nevio, inuka. Inuka twende nyumbani." Nadhani na Kirangi cha kwetu kilikuwemo.

Akainuka. Hajui Kiswahili hata cha salamu.

Nikamwambia baba yake anajua. Ndiyo, nilikuwa nimeahidi. Nikasema anajua tangu Krismasi, alimpelekea profesa samaki. Nevio akasimama na soksi mkononi. Alifikiri. Kisha akasema, "Ile mikunga yote." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akakaa tena kwenye majani, nami nikakaa naye mpaka kikaisha. Tukarudi tunasukuma baiskeli. Mlangoni Sabina alimpiga kofi, kisha akamkumbatia.

Alikuwa apige simu. Alishika simu. Lakini wao walikuwa wameshatoka nyumbani alfajiri, ili wasikwame njiani.

Wako jikoni sasa. Nasikia kila kitu, kuta za hapa ni karatasi. Walipanda ngazi polepole kwa ajili ya Bibi, na njia nzima alikuwa akimwambia Loredana asiligandamize shada. Sasa anauliza kwa nini viatu vya mtoto vina matope siku kama ya leo, alete kitambaa avifute. Loredana anasema muda, muda, saa tano inakaribia, maegesho yamejaa.

Mzee Otello amesema, "Kaeni kwanza."

Viti vinavutwa. Hakuna anayekalishwa kwanza ili apewe habari njema. Hilo halihitaji lugha.

Nevio anasema, "Bibi." Kiti kinasogezwa.

Halafu anasema. Sauti ya chini, sishiki maneno, nashika mwendo wake tu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akitafuta kila kidaraja kwa mguu. Amefika mwisho. Bibi amesema kitu kwa kilugha chao cha kijijini, kifupi, sikuelewa hata neno moja.

Sasa mtu analia. Ni sauti ya mwanamume, na si ya Nevio.

Kiti kimoja kimesukumwa. Hatua zinakuja huku kwangu. Si Sabina, Sabina havai viatu vya kisigino. Ni Loredana. Amesimama nje ya mlango. Hagongi. Anauliza pole pole, neno kwa neno, kama alivyokuwa akinisemesha Jumapili ile ya kwanza, nilipokuwa bado mgeni:

"Mwasiti. Na wewe ulikuwa unajua?"

Nimemwelewa. Kila neno. Jibu lenyewe ni neno moja, ndiyo, na naweka kalamu nikamfungulie mlango.